Mgonjwa wa Kadutu

Nyakarenzo, 12 Julai 1998

Kwa mjomba wangu Ntabaza, Kadutu, Bukavu

Mjomba,

Nakuamkia wewe na Maman Balagizi, na wote wanaolala chini ya bati lenu. Huku tunaamka. Umuhire amenipita bega na ameanza kunijibu vile mama yangu, dada yako, alivyokuwa akijibu watu. Siku ukimsikia utacheka, halafu utanyamaza. Maharage hayakuzaa, mvua ilikatika mapema. Mtama angalau tumeuvuna.

Semina ya walimu wa kujitolea tumeipanga katikati ya Agosti, hapa kanisani kwetu. Tuko sita sasa. Wawili watatoka Nzahaha kwa miguu. Wewe uje utufundishe, na mwanao Balagizi aje na nyimbo zake. Watoto wanamdai ule wimbo aliouacha nusu wakati wa Pasaka. Wanauimba hadi pale alipoishia, kisha wanatazamana.

Sasa jambo lenyewe. Unamkumbuka Théoneste, yule anayefunga vidonda kwenye kituo cha afya. Ndiye mwalimu wangu mzuri kuliko wote, kuliko hata mimi. Amekataa somo la nne, lile uliloliita "Jirani aliyenitenda mabaya". Katika darasa lake wamo watoto wa mtu aliyeko gereza la Cyangugu kwa kuwaua wazazi wa Théoneste. Watoto hao anawafundisha vizuri tu, anawashika kichwa kama wengine. Lakini hilo somo alinirudishia mkononi, akasema, "Maman Umuhire, hili fundisha wewe." Na mimi, Mjomba, unajua kwa nini siliwezi. Nilikuja kwako mwaka ule wa mauaji nikiwa nimemshika mtoto mkono na bila mume.

Wewe ndiye unayetuongoza katika mafundisho, pande zote mbili za mto wa mpaka. Niambie nifanye nini.

Mwipwa wako,
Eugénie

*

Bukavu, 26 Julai 1998

Maman Umuhire, binti ya dada yangu,

Amani kwako. Barua yako Ridhwani, yule mchuuzi wa Kamembe, ameileta pamoja na mtama, na mtama umeshakuwa uji. Maman Balagizi anasema uji wa Nyakarenzo una mkono wa dada yangu ndani yake. Mimi niko mzima. Bado nafundisha darasa la tano mchana na watu wa kanisa Jumamosi, na sauti yangu inaisha Jumatatu.

Kuhusu Théoneste: usimlazimishe. Tena usilifundishe wewe kwa kuwa yeye amekataa, kama mtu anayeziba tundu la paa. Somo hilo liache. Sisi Wamennonite hatubatizi mtoto mchanga, tunangoja mtu akue aje mwenyewe kwa miguu yake. Basi tungoje na walimu wetu hivyo hivyo. Siku akilitaka atalichukua.

Mimi mwenyewe nililiandika nikiwa mtu ambaye hakuna aliyemtenda mabaya makubwa. Nakuambia hilo ili ujue.

Balagizi atakuja. Ana miaka kumi na tisa na anakula kama watu watatu, kwa hiyo chemsha viazi vya kutosha. Wimbo umekwisha, anaupiga mezani kwa vidole usiku na mchana mpaka mama yake anamfukuza nje.

Tutavuka daraja tarehe kumi na tatu Agosti, Mungu akipenda.

Mjomba wako,
Ntabaza

*

Nyakarenzo, 4 Oktoba 1998

Mjomba,

Mko hai? Nauliza hivyo kwanza, salamu zitafuata.

Tangu vita vilipoanza mwezi wa nane nimeshuka Kamembe kila wiki kumuuliza Ridhwani, na kila wiki anatikisa kichwa. Leo amesema bibi mmoja wa vitenge anavuka kesho na anaweza kubeba karatasi moja. Kwa hiyo naandika kidogo.

Semina tuliifanya bila ninyi. Tulikaa tukisikiliza milio kutoka upande wenu, na mwalimu mmoja wa Nzahaha akawa anasoma Zaburi kwa sauti kubwa ili watoto wasisikie. Siku ya mwisho Théoneste alisimama, akasema, "Mzee hakuweza kuvuka. Nipe lile somo." Akalifundisha, Mjomba. Hakulifundisha vizuri. Alisoma maneno yako kama mtu anayesoma tangazo la ofisi, kisha akatoka nje akakaa kwenye jiwe. Lakini alilisoma mpaka mwisho, na watoto wa yule mtu walikuwa mbele yake.

Mdogo wake, Tuyizere, ni askari, unamkumbuka, yule mwenye kovu kwenye nyusi. Amevuka na jeshi kuja upande wenu. Théoneste amemlea tangu wabaki wawili. Kila gari la askari linalopita barabarani analitazama mpaka lipotee.

Niambie habari za Maman Balagizi. Niambie habari za Balagizi.

Eugénie

*

Bukavu, 13 Desemba 1998

Maman Umuhire,

Tunakusalimu. Tuko hai. Bibi wa vitenge alitufikia, asante. Msimu huu majani ya muhogo, sombe tupu, ni chakula cha asubuhi na jioni, lakini tunakula.

Maman Balagizi anasumbuliwa na tumbo kidogo. Shule imefungwa, imefunguliwa, imefungwa tena. Kanisani tunasali asubuhi tu.

Nimeiomba halmashauri ya mafundisho itafute mtu mwingine wa kuongoza walimu. Nimechoka. Mwalimu wa amani na awe kijana. Masomo ya mwaka ujao yapo katika bahasha hii, yagawe kama ulivyozoea.

Nafurahi kuhusu Théoneste.

Mjomba wako,
Ntabaza

*

Nyakarenzo, 10 Januari 1999

Mjomba wangu,

Heri ya mwaka mpya, wewe na Maman Balagizi. Umuhire ameanza darasa la sita. Mbuzi amezaa wawili, mmoja amekufa.

Nimeisoma barua yako na kuirudia. Mwandiko si wako. Ni wa Maman Balagizi, naujua tangu nilipokaa kwenu, anaandika herufi zimelala kama majani yaliyopigwa na upepo. Mkono wako umepatwa na nini?

Na katika barua nzima jina la Balagizi halimo. Nilikuuliza habari zake, ukaniambia habari za sombe. Nilimuuliza Ridhwani, akasema, "Maman, mimi niko mubebaji wa mizigo tu," akaanza kupanga sabuni zilizokuwa zimeshapangwa.

Unasema umechoka. Wewe ulifundisha ukiwa na malaria, ukishikilia ubao usianguke. Mtu kama huyo hachoki hivi hivi. Halmashauri isikupe ruhusa. Na ikikupa, mimi sikupi.

Niandikie. Hata mstari mmoja.

Eugénie

*

Nyakarenzo, 28 Machi 1999

Mjomba,

Hukunijibu. Naandika tena kwa sababu kuna msiba.

Tuyizere amekufa. Wenzake walileta habari siku ya soko. Ni huko Walungu, mwanzoni mwa mwezi huu, wapiganaji wa vilimani waliwavizia njiani. Mwili haukuletwa. Tulikaa matanga bila kaburi, na shangazi yao Primitive akawa anauliza kila anayeingia, "Amelala wapi? Wamemufunika?"

Théoneste hajalia. Anakwenda kazini, anafunga vidonda vya watu, anarudi. Darasa lake nalishika mimi.

Masomo uliyotutumia Desemba yameloa mvua, bati la kanisa linavuja. Naomba mengine kama unaweza.

Tuombee. Na kama kwenu kuna jambo mnalolibeba peke yenu, Mjomba, mimi si mgeni.

Eugénie

*

Bukavu, 2 Mei 1999

Eugénie,

Nakuandikia kwa mkono wa kushoto, usishangae herufi zinavyoyumba. Maman Balagizi alikataa kuiandika hii. Ridhwani ameahidi kukupa mkononi. Usimsomee mtu.

Mwezi wa tisa mwaka jana askari waliingia kwetu. Usiniulize ni wa nani, siku zile kila mwenye bunduki alikuwa askari. Walitaka niwaonyeshe vijana wa darasa langu la Jumamosi, wale wenye nguvu, wawabebee masanduku ya risasi kwenda mbele. Walijua nina majina na nyumba zao. Niliwaambia, "Mimi ni mwalimu wa kanisa. Sitaonyesha." Wakanilaza kwenye ua, wakaweka mkono wangu wa kuume juu ya jiwe la kufulia, na mmoja akaupiga kwa kitako cha bunduki. Akauliza tena. Nikasema sitaonyesha. Akapiga tena.

Balagizi alikuwa mlangoni. Alikuwa ameshika shoka la kuni. Nilimwona, na wao walikuwa wamempa mgongo. Nikapiga kelele kwa Kimashi, lugha yetu ya nyumbani, "Weka chini!" Akaniangalia. Nikasema tena, "Mwanangu, weka chini." Akaweka.

Ilikuwa mara ya mwisho kunitii. Walipoondoka alinifunga mkono kwa kanga ya mama yake. Asubuhi hakuwepo. Baadaye tulisikia yuko na wapiganaji wa vilimani.

Sasa unaelewa kwa nini nimeiachia halmashauri kazi yake. Nitasimamaje mbele ya vijana wa watu niwaambie wasishike silaha? Wanajua. Mmoja aliniuliza darasani, kwa heshima kabisa, "Mwalimu, na Balagizi?" Nikafunga kitabu.

Kwa barua yako ya msiba, pole, pole sana. Uliandika Walungu. Nimeisoma hiyo sehemu mpaka karatasi imechakaa. Balagizi yuko upande huo. Zaidi ya hapo sijui, na kujua sitaki.

Mjomba wako

*

Nyakarenzo, 20 Juni 1999

Mjomba,

Salamu, na pole ya mkono, na pole ya mengine ambayo hayana neno. Umuhire anawasalimu. Nimemwambia tu kwamba mkono wako unauma.

Uliniambia nisimsomee mtu, na sijasoma. Lakini nimesema.

Nilikaa na barua yako wiki nzima. Jumapili Théoneste alikuja nyumbani baada ya ibada, akaketi, akala. Niliona siwezi kumpakulia mboga huku nikijua nilichokijua. Mimi ndiye niliyemwita awe mwalimu. Nikamwambia kwamba mtoto wa mjomba wangu, yule Balagizi wa nyimbo, yuko na wapiganaji upande wa Walungu, na kwamba wewe ulivunjwa mkono kabla hajaondoka.

Alisikiliza mpaka nikamaliza. Akauliza, "Alienda lini?" Nikamwambia. Akahesabu moyoni, niliona midomo yake. Akaweka sahani chini polepole, akasema, "Asante kwa chakula," akatoka.

Jumapili mbili hakuonekana. Ya tatu alikuja akakaa nyuma kabisa, kwenye benchi la watoto wadogo, magoti yamemfika kidevuni. Nilipofundisha hakunitazama. Nilipomaliza aliwasaidia watoto kurudisha mabenchi.

Jana alinipita njiani akasimama. Akasema, "Ule mzee wako, bado anafundisha?" Nikasema ameacha. Akatikisa kichwa akaendelea na safari yake. Sijui alitikisa kwa nini.

Kama nimekosa kumwambia, nikaripie. Nimekuzoea ukinikaripia, kimya chako sijakizoea.

Eugénie

*

Bukavu, 29 Agosti 1999

Maman Umuhire,

Sikukaripii. Ungenyamaza ningekukaripia.

Tunawasalimu. Mvua za kwanza zimeshusha udongo Kadutu, nyumba za jirani mbili zimeondoka, yetu imebaki.

Nyumbani kuna mgonjwa. Alifika mwezi uliopita, ameletwa na watu ambao hawakuingia ndani. Ni mguu, juu ya goti. Umeoza. Hospitali hatuwezi kumpeleka, utaelewa. Muuguzi mmoja wa kanisa alikuja mara moja, kisha akaogopa, simlaumu. Maman Balagizi anaosha kwa maji ya chumvi. Mgonjwa anauma shuka ili majirani wasisikie.

Tunahitaji dawa ya sindano ya kuzuia uozo, na bandeji, na mtu wa kutuambia tufanye nini. Hapa mjini tukiuliza dawa kama hiyo, watu watauliza ni ya nani.

Sijui kwa nini nakuandikia wewe. Naam, najua. Sina mwingine.

N.

*

Nyakarenzo, 12 Septemba 1999

Mjomba,

Anayekupa barua hii ni Théoneste.

Nilifikiri kumpata mtu mwingine. Nilikwenda mpaka mlango wa kituo cha afya nikarudi. Kisha nilimwita pembeni, nikamwambia, "Kuna mgonjwa Bukavu, kwa mjomba wangu, mguu umeoza. Nataka dawa, na sitakuficha ni nani." Aliniambia, "Usitaje jina." Sikulitaja. Akasema, "Nimejua. Nipe siku kidogo."

Dawa amezitafuta mwenyewe Kamembe, moja hapa moja pale. Nilidhani atanikabidhi nimpe Ridhwani. Leo asubuhi amekuja amevaa shati safi, na mfuko begani, akasema, "Dawa bila mutu wa kupiga sindano haina kazi. Nitaenda mimi."

Mjomba, pale darajani kuna askari, na ndugu yake alikuwa askari. Neno moja tu kwao na mlango wako utavunjwa. Na huko kwenu, majirani wakimsikia anavyoongea watajua ametoka upande gani, na wao pia wana hasira zao. Nilimwambia yote mawili. Akasema, "Ninajua njia."

Sijamwuliza anakwenda kufanya nini. Niliogopa jibu. Naandika haya yeye akiwa amesimama mlangoni akinisubiri, ameninyooshea mkono.

Mungu awaone.

Eugénie

*

Bukavu, 31 Oktoba 1999

Binti ya dada yangu,

Théoneste atakuwa amekwisha fika kwako. Sijui amekuambia nini, nadhani hakukuambia kitu. Kwa hiyo nakuambia mimi.

Alibisha hodi alasiri. Maman Balagizi alifungua, akasikia matamshi yake, akadhani wamekuja kuchukua mtoto wake. Akaziba mlango kwa mwili wake, mikono huku na huku. Théoneste akasema, "Maman, shikamoo. Nimeletea mugonjwa dawa." Akasubiri pale nje mpaka mwenyewe akashusha mikono.

Nilisoma barua yako nimesimama. Nilipomaliza alikuwa amekwisha ingia chumbani.

Aliomba maji ya moto na mkasi. Alikata bandeji. Harufu ilijaa nyumba nzima, yeye hakugeuza uso. Balagizi alikuwa ameelekea ukutani. Akauliza bila kugeuka, "Ni nani?"

"Mimi ni mukubwa wa Tuyizere. Ulikuwaka Walungu, mwezi wa tatu?"

Balagizi alivuta shuka mpaka begani. Mimi nilitaka kusema uongo kwa niaba yake, Mungu anisamehe, uongo ulikuwa tayari mdomoni. Akasema, "Nilikuwaka."

"Kwenye ile barabara?"

"Ndiyo."

"Ndugu yangu alikuwa na kovu hapa, kwenye nyusi. Ulimuona?"

"Kulikuwa batu bengi. Siye bote tulipiga masasi. Sijue ya nani ilipata nani."

Mkono wenye mkasi ulisimama. Niliutazama huo mkasi, Eugénie. Mimi, mwalimu wa amani miaka yote hii, nilisogeza mguu wangu mbele ili nimrukie. Maman Balagizi alikuwa amejishika mdomo.

Théoneste akauliza, "Balifunikwa? Balizikwa?"

"Batu ba kijiji balibazika. Niliona kwa macho yangu. Bote, mahali pamoja, karibu na mto. Baliweka mawe juu."

Hapo Théoneste alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Kisha akasema, "Geuza muguu." Akaendelea kukata.

Alibaki kwetu wiki nzima na siku juu yake. Alilala sebuleni kwenye mkeka. Kutwa hakutoka nje, tulimficha yeye kama tulivyomficha mwingine. Alipiga sindano asubuhi na jioni, alikwangua nyama iliyokufa, alimgeuza asipate vidonda vya mgongo. Hawakuzungumza ila mambo ya mguu. Lakini sumu ilikuwa imekwisha ingia kwenye damu. Théoneste alinivuta jikoni akaniambia, "Papa, ningekuja mwezi uliopita, labda." Nikamwambia mwezi uliopita hakuwa amejua. Akasema, "Hata hivyo."

Siku ya mwisho Balagizi alikuwa na akili yake. Alimwambia, "Théoneste, unisamehe." Théoneste alikuwa anamfuta jasho. Akamjibu, "Nyamaza, usipoteze nguvu." Hakusema zaidi, na Balagizi hakuuliza tena. Alikufa mchana, amemshika mama yake kidole kimoja.

Kwa majirani tulisema ni mtoto wa ndugu, ameuawa na homa. Tulizika asubuhi tukiwa wachache. Théoneste alichimba pamoja nasi, mimi na mkono wangu huu siwezi kushika koleo. Watu waliomwona walimdhani ni ndugu wa marehemu.

Tuliporudi, Maman Balagizi alisimama mlangoni na birika kama desturi ilivyo, akatunawisha mikono sote. Alipofika kwa Théoneste alimwaga maji mpaka birika likaisha, akaenda kulijaza tena. Hapo ndipo kijana aliponiambia, mikono ikiwa bado inadondoka maji, "Papa, yale masomo yako ya mwaka huu hayakulowa mvua. Niliyachoma mimi, siku walipoleta habari ya Tuyizere. Maman Umuhire aliona." Nikamwambia kwamba wewe uliniandikia habari ya bati linalovuja. Akasema, "Bati ni zima."

Nilikuwa nangoja, nakiri kwako, kwamba ataniambia amemsamehe mwanangu. Nilimsindikiza mpaka mwisho wa kilima nikingoja. Alisema, "Mubaki salama," akateremka.

Halmashauri bado haijapata mtu wa kuongoza walimu. Waambie wa upande wako kwamba mimi nimemaliza. Sina la kumfundisha mtu.

Ntabaza

*

Nyakarenzo, 5 Desemba 1999

Mjomba, na wewe Maman Balagizi,

Poleni. Nimekaa na neno hilo mwezi mzima, halikuongezeka. Nilimpenda. Umuhire nilimwambia ukweli, amekwisha kuwa mkubwa. Alikwenda shambani peke yake, aliporudi alipika bila kutumwa.

Théoneste alirudi amekonda. Kweli, hakuniambia kitu. Alinipa mfuko mtupu, akasema, "Salamu za kwenu," akaenda kwa shangazi yake Primitive kumwambia kwamba Tuyizere amezikwa karibu na mto na mawe yapo juu. Bibi alilia kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo akamwuliza habari hizo amezipata wapi, naye Théoneste hajui kudanganya. Sasa Primitive hamsalimu. Anaelekeza uso kwenye ukuta anapopita. Kilima kizima kimesikia kwamba alikwenda kumuuguza mtu aliyempiga risasi ndugu yake. Kwenye kituo cha afya kuna wanaokataa kufungwa vidonda naye. Walimu wawili wa Nzahaha wameniandikia kwamba wanaacha, hawawezi kukaa benchi moja na mtu wa namna hiyo. Kwa hiyo tumebaki wanne, na madarasa ni yale yale.

Juzi tulikutana hao wanne kupanga mwaka ujao. Niliwasomea maneno yako ya mwisho, kwamba umemaliza na huna la kumfundisha mtu. Mmoja alisema basi tutafute mzee mwingine, pengine kule Butare. Théoneste alikuwa anatengeneza mguu wa meza. Hakuinua kichwa. Akasema, "Mzee aje tu. Januari, daraja likiwa wazi."

Nikamwambia mzee hana nyumba ya kufikia, kwangu tumejaa, dada wa marehemu mume wangu amekuja na watoto wake.

Akapiga msumari, akaujaribu ule mguu kwa mkono, akasema:

"Atalala kwangu. Kitanda cha Tuyizere kiko wazi. Lakini asiniulize kama nimesamehe. Akiniuliza, nitatoka nje nilale kwa mbuzi, na kitanda nitamwachia."

Mjomba, Ridhwani anavuka Alhamisi na kurudi Ijumaa. Mpe jibu la ndiyo au hapana. Shuka nimekwisha kuifua.

Mwipwa wako,
Eugénie